Mashine ya Mgongoni

Mkorosho uliokuwa nyuma ya choo chetu ulikuwa wa shangazi. Uliofuata, ule uliopinda, ulikuwa wa ami, ndugu mdogo wa baba. Wa baba ulikuwa katikati yao, umebanwa huku na huku hata matawi yake hayakuwa na pa kwenda. Shamba zima lilikuwa hivyo. Babu alipofariki, watoto wake hawakugawana ardhi, waligawana miti, kama ilivyo desturi yetu watu wa kati ya Maramba na pwani. Kila mmoja alionyeshwa yake kwa kidole mbele ya mashahidi, huu hapa na ule kule, na tangu siku ile hakuna aliyesahau. Watu wa kwetu husahau deni, husahau ahadi, husahau hata kumjulia hali mgonjwa, lakini mti wa urithi hawausahau.

Tena babu hakuwa mtu wa kupima. Alifukia korosho mbili tatu katika shimo moja, na zote zilizoota akaziacha zikue. Mikorosho ikawa mikubwa, ikashikana juu, na chini kukawa na giza mchana kweupe.

Mimi nilirudi nyumbani baada ya kuachika. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo tukabaki baba na mimi. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni ya kubahatisha na sukari ya kusikia tu, na shamba nalo lilikuwa limetususa. Kila kipupwe mikorosho ilipotoa maua, unga mweupe uliyavaa, yakanyauka na kuwa meusi kabla hayajafunga tunda. Wengi kijijini waliikatia tamaa mikorosho yao wakaichoma mkaa. Baba hakukata tamaa. Aliamka, akazunguka chini ya miti, akashika vikonyo vya maua akavitazama, akarudi nyumbani. Nilimwonea huruma na papo hapo nilikasirika, kwa kuwa niliona mtu mzima anateswa na kitu ambacho hata si chake chote.

Na kifua chake kilikuwa kibovu. Ujanani alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, katika chumba cha kusugulia singa, zile nyuzi za mkonge, ambako vumbi lilijaa mpaka watu hawaonani. Alitoka huko na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Akifagia ua alikohoa, akikaa karibu na mtu anayepepeta mchele alikohoa. Barazani watu walijua anakuja kabla hawajamwona.

Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kuuza na kununua. Maduka ya Tanga mjini yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumeshasahau sura zake, na barabarani zikaanza kupita lori za wanunuzi binafsi, wanauliza korosho kijiji hadi kijiji na hawazipati. Hapo baba akapata moto. Alikwenda mwenyewe Maramba kumtafuta bwana shamba, na yule bwana, kijana wa Kishambaa mwenye maneno machache, akaja kweli.

Alikuwa mtu makini, sitamsingizia. Alizunguka shamba lote. Alipima kwa hatua nafasi kati ya mti na mti, akafikicha udongo kiganjani, akaangalia mteremko, akauliza upepo wa asubuhi unatoka wapi na umande hukauka saa ngapi. Kisha akaketi kwenye gogo.

"Mzee wangu, huu ni ubwiri unga," alisema. "Unapenda kivuli na ubaridi. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni shoka. Kata mmoja, bakiza mmoja, hewa ipite na jua lishuke. Ya pili ni mashine kubwa ya kukokotwa na trekta, inarusha salfa, dawa ya unga, mpaka kileleni. Lakini hapa trekta litaishia njiani, halipenyi kati ya miti hii. Ya tatu ni mashine ndogo, unaibeba mgongoni na kuingia nayo popote."

"Wewe ungechagua ipi?"

"Shamba lingekuwa langu, ningeanza na shoka. Salfa baadaye, kidogo tu."

Aliuliza kila kitu kuhusu shamba lile. Huo mgongo utakaobeba mashine hakuuliza ni wa nani, na una kifua gani mbele yake. Baba naye hakumwambia. Alipobanwa na kikohozi aligeuza uso pembeni, kwa adabu, akasubiri kipite.

Ijumaa iliyofuata baba aliwaita ndugu zake. Ami alikuwa jirani tu, alikuja na kanzu yake ya msikitini. Shangazi alitoka Nguvumali, Tanga mjini, akashuka na mkoba wake, akalalamikia vumbi la njiani kwanza ndipo akatusalimia. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akitazama kule nyuma ya choo, kuhakikisha mti wake upo.

Baba alieleza vizuri. Hakuomba mti wa mtu awe nao, aliomba ipunguzwe ile iliyobanana, kila mmoja apoteze kidogo, ili iliyobaki izae.

"Yakhe kaka, si ukate yako?" alisema ami. "Nani kakukataza?"

"Nikikata yangu peke yake hewa haipiti. Ilobanana ni yetu sote."

"Mti wa baba yangu hauingii shoka na mimi ni hai," shangazi akasema.

"Kwani unakupa nini?" baba akamuuliza. "Mwaka wa ngapi huu hujaonja hata bibo lake?"

"Sikusema wanipa kitu. Nauangalia, nafsi yangu yatulia."

Nikashindwa kujizuia. "Unauangalia kutoka Nguvumali, shangazi?"

"Nyamaza weye mwana, haya ni mambo ya wakubwa."

Baba alinikata jicho. Alikuwa mtu wa kuogopa sana kuvunja udugu. Kwake yeye, kugombana na dada kwa sababu ya mti ni aibu ambayo ingemfuata kaburini. Walikula wali na samaki niliowapikia, wakasifu nazi, wakaondoka. Na baba, badala ya kuchagua njia iliyofaa shamba, akachagua ile ambayo haikumuudhi mtu.

Alikuwa na mabati aliyoyakusanya miaka yote ya shida, moja leo na jingine mwakani, ameyalaza chini ya kitanda akisubiri misumari ipatikane aezeke nyumba. Aliyauza yote, akaenda Tanga mjini, akarudi na mashine. Ilikuwa na injini, tangi la salfa na mkonga mrefu wa kuelekeza juu. Watu walikuja kuitazama. Ami alikuja vilevile, akaishika huku na huku, akasema ni kitu cha maana sana hicho.

Salfa hupulizwa alfajiri, upepo umetulia na maua yana umande, vumbi lipate kushika. Kwa hiyo wakati wa kipupwe chote baba alitoka msikitini akaingia shambani moja kwa moja. Mimi nilichanganya petroli na oili, nikamtwika mashine, nikamfunga kanga mbichi puani na mdomoni. Alivuta kamba, injini ikanguruma, naye akapotea chini ya miti. Kutoka nje niliona ukungu wa manjano unapanda kwenye majani, sikumwona yeye. Mahali penye nafasi, vumbi huenda zake na hewa. Kwetu halikuwa na pa kwenda. Lilipanda likagonga yale matawi yaliyoshikana, likamrudia mwenyewe.

Nilimwambia anipe mimi nibebe. Akakataa. Alisema mwanamke hafungwi injini mgongoni watu wakaona. Nilimwambia basi apulize miti yake tu. Alinitazama kana kwamba nimesema upuuzi, na kwa kweli nilikuwa nimesema upuuzi, kwa sababu ugonjwa haujui mirathi. Ukiuponya wa baba, unga utatoka kwenye wa ami na kuurudia kabla ya wiki kwisha. Ilibidi apulize yote. Alipuliza ya ndugu zake kwanza, nadhani ili asije akaambiwa amependelea yake.

Msimu ule mikorosho ilizaa. Ilizaa mpaka watoto wa kijiji wakaumwa matumbo kwa mabibo. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wa kwangu hawakugombana wala hawakupatana, ila makapu walikuja nayo. Shangazi alikaa kwetu mavuno yote. Kila siku aliokota chini ya miti yake, akaanika kwenye jamvi lake, akawauzia watu wa lori mwenyewe, mwishoni akamwombea baba dua ndefu, akarudi Nguvumali. Salfa hakuuliza ilitoka wapi.

Kipupwe kilichofuata kikohozi kilibadilika. Kilikuwa kikavu, sasa kikawa kinamkunja kabisa, ananing'inia kwenye mti mpaka kiishe. Macho yalikuwa mekundu wakati wote. Usiku hakuweza kulala chali, alikaa ameegemea ukuta. Nilimpeleka hospitali Muheza, na daktari, mtu mpole, alimsikiliza kifua mbele na nyuma kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kazi yake.

"Mkulima."

"Mkulima wa nini?"

Baba akamweleza habari ya mashine, kwa fahari kidogo. Daktari akaweka kifaa chake mezani.

"Mzee, wewe vumbi si lako tena. Ukiendelea na hilo, sina dawa ya kukupa."

Tuliporudi aliwaita tena ndugu zake. Safari hii shangazi hakuja, aliagiza kwa mtu kwamba miguu inamsumbua, ila jawabu lake ni lile lile. Ami alikuja. Baba hakuficha, alimwambia maneno ya daktari kama yalivyo. Alimwambia, "Mdogo wangu, mimi siwezi tena kupuliza. Tupunguzeni."

Ami aligeuka akaitazama miti, nikadhani tumepona. Kisha akasema, "Kaka, shamba si limeshazaa? Kwa nini tukate mti unaozaa? Pumzika mwaka huu, Mungu ataleta."

Nilitaka baba amtukane. Nilitaka walau asimame, apige meza. Aliitikia kwa kichwa tu, akamwuliza habari ya watoto.

Na hakupumzika. Maua yalipotoka na unga wa kwanza ukaonekana, aliivaa ile mashine. Niliificha kamba ya kuwashia, akaitafuta akaipata. Nililia mbele yake, mimi mtu mzima, nikamwambia kama ataingia mle ndani tena sitamtwika. Akajitwika mwenyewe, kwa kuchuchumaa na kuegemea ukuta, akainuka kwa shida. Hakunikasirikia. Alisema, "Ndugu zangu wameshazoea kupata."

Alifariki kabla ya korosho kuanza kuanguka. Pumzi zilimwisha taratibu, kwa siku kadhaa, na sitaki kuzieleza siku zile. Niseme tu kwamba alikuwa akiomba dirisha lifunguliwe, na lilikuwa wazi.

Kwetu kuni za msiba hazina mwenyewe. Mti ulio karibu hukatwa, na mwenye mti haulizwi wala haulizi, maana kumnyima maiti kuni ni laana. Baada ya maziko wanaume walichukua mashoka, ami akiwa mbele, wakaingia shambani kutafuta kuni za arobaini. Nilisikia mti wa kwanza unaanguka nikatoka nje. Walikata pale kwenye msongamano wenyewe, kwa kuwa ndiko njia ilikopita. Ukalala wa ami, ukalala wa shangazi, ukalala wa baba uliokuwa kati yao, na mingine nyuma yake. Shangazi alikuwa ameketi ukumbini na wanawake, akasikia shoka, hakunyanyua hata kichwa. Magogo yalipasuliwa yakaanikwa, na siku ya arobaini yakapika pilau ya watu wengi. Nilisimama jikoni nikikoroga na moshi ule unaniingia machoni, na watu wakanihurumia, wakadhani namlilia baba. Nilikuwa na hasira tu.

Mashine niliiuza kwa mtu wa mbali. Kipupwe kilichofuata hakuna aliyepuliza chochote. Sehemu kubwa ya shamba ilirudi kwenye weusi wake, lakini kuzunguka lile pengo walilolikata, jua lilishuka mpaka chini, upepo ukapita, na maua yakabaki safi. Miti ile ilizaa, bila salfa, bila mtu.

Shangazi alikuja na kapu lake. Aliokota, kisha akanyoosha mgongo akatazama juu, penye mwanga.

"Kumbe dawa yake ilikuwa kupunguza tu," akasema.

"Ndiyo, shangazi. Baba alikwambia."

"Aliniambia, ila naye aliniambia kwa upole. Mwanamume angesisitiza."

Nilimchukia, na Mungu anisamehe, sijamaliza kumchukia. Yeye aliinama akaendelea kuokota mpaka mwisho wa kivuli cha mti wake uliobaki, hakuvuka hata kwa korosho moja. Zilizoanguka chini ya mti wa baba aliniachia mimi.