Vidonge vya Baraka

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wanaochemshwa bila chumvi hunirudisha Mulongwe, mtaa wetu kando ya mto, kwenye sufuria ndogo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikuwa ya mdogo wangu Baraka, mwenye miaka sita. Figo zake ziliugua akavimba mwili mzima, hata macho yakawa hayafunguki vizuri asubuhi. Hospitalini walimpa vidonge vidogo vyeupe, vichungu kama nyongo, wakamwonya mama visikatishwe ghafla.

Mama aliuza sokoni na aliondoka alfajiri, kwa hiyo kazi ya vidonge ikawa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na nilijiona daktari kamili. Nilivisaga nikavitia kwenye uji, na Baraka akikunja uso nilimtolea maneno ya mama: mgonjwa haulizwi uji. Miezi ikapita. Maji yakamtoka mwilini, yakabaki mashavu, ya mviringo hasa. Tukamwita Mheshimiwa, naye akaanza kutembea kwa maringo.

Mama mdogo, aliyeishi nasi, hakucheka. Aliyaonea wivu mashavu yale. Wasichana wengi mtaani walitafuta dawa ya kunenepa, na wageni wa mahari yake walikuwa njiani.

"Huyu iko muzima sasa, anakimbia," aliniambia huku akinisuka. "Miye, angalia vile niko mukondefu. Unipatie hizi vidonge, na usiseme kwa mama."

Nilimpa vyote. Siku ile nilisukwa vizuri sana, nikafurahi.

Wiki hiyo mto ulifurika, na watoto wa uani wakaharisha. Wenzake waliamka siku ya pili wakaomba kula. Baraka hakuinuka. Alitapika, akawa baridi, akalegea mikononi mwa mama njia nzima hadi kituo cha afya. Muuguzi alimpima mapigo ya moyo, akamgeukia mama.

"Anakunywaka dawa ya mafigo kila siku? Hata leo?"

Mama alinitazama mimi. Niliogopa fimbo.

"Ndiyo," nikasema. "Kila siku."

Muuguzi akamtundikia maji tu. Baraka alikufa kabla ya adhuhuri. Msibani mama mdogo alilia kuliko wote, na mimi na yeye hatujawahi kulizungumza.

Nilikuwa mtu mzima ndipo daktari mmoja aliponieleza, baada ya mimi kumuuliza kana kwamba ni habari ya jirani. Mtoto akinywa dawa ile kwa miezi, mwili wake huacha kujitengenezea nguvu ya kuhimili ugonjwa. Ukimnyima ghafla, kuhara tu kunaweza kumwangusha. Sindano ya dawa ya aina hiyo hiyo, ikiwahi, huweza kumwinua. Kumbe muuguzi yule hakuwa akitafuta wa kuchapwa. Alitaka kujua amchome nini. Najichukia kwa neno lile moja, na sijui kama nina haki ya kumsamehe mtoto wa miaka kumi.

Mama amezeeka sasa. Wageni wakimuuliza, huwaambia kwamba mwanawe hakukosa dawa hata siku moja, kisha hunigeukia nishuhudie. Nami huitikia.