Chale Zilizofunikwa

Darasani kwangu, Bulengera, mjini Butembo, nachora kamba mbili zilizosokotana. Hiyo ndiyo DNA, nawaambia wanafunzi, na herufi zake ni nne tu. Kisha naleta kimeng'enya cha bakteria, mkasi wa kwanza wa watu wanaohariri jeni. Kinashika kamba kwa ulegevu, kinateleza, kinateleza, hadi kikutane na mfuatano wake wa herufi sita. Hapo kinabana na kukata kamba zote mbili. Hakiulizi ziliandikwa na nani wala kwa nini.

Nalichukia somo hili, na nalifundisha vizuri.

Wakati wa vita tulikuwa tukirudi Butembo kutoka Beni juu ya lori la mchele, mama, kaka yangu na mimi. Kwenye kizuizi wanajeshi waliwashusha wanaume wote na kuwavua mashati. Walitafuta chale za wapiganaji wa msituni, wale wanaochanjwa dawa ili risasi isiwaingie. Waliwapapasa vifua mmoja mmoja, wakawapita. Kwa kaka, vidole vya mwanajeshi vilisimama juu ya mistari mifupi, myeusi.

"Iyi ni nini?"

"Ni miye nilimukataka, chef!" mama alimpigia mwanajeshi kelele toka juu ya magunia. "Alikuwa mutoto, mbavu zilikuwa zinamuuma! Ni dawa ya kikohozi tu!"

Ndivyo kina mama wa kwetu walivyotibu: wembe, kisha unga wa majani yaliyochomwa. Hata mimi nilichanjwa, mahali palepale. Nikaanza kufungua vifungo vya blauzi ili waone. Mama akanishika kola kwa ngumi na kunibana hadi nikakosa pumzi. Walimkata kaka kwa panga kwanza, wakicheka kwamba wanaijaribu dawa yake, halafu wakampiga risasi ya kichwa. Dereva akaambiwa aondoke, naye akaondoka.

Nilimkasirikia mama miaka mingi kwa ngumi ile.

Kila ninapofundisha somo hili, kuna mwanafunzi anayeuliza: mbona bakteria hajikati mwenyewe, maana naye ana herufi zilezile? Anazo, namjibu. Ila huzifunika kwa kemikali ndogo, na kimeng'enya kikifika hapo hakishiki, kinapita. Nikisema hivyo mkono wangu huwa tayari uko kwenye kola, pale ulipokuwa mkono wa mama.