Mabuti Yaliyopinduliwa Mlangoni

Baba yangu alikaa na siri moja kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuitamka hata mara moja. Hilo alikuwa akijivunia. Alipoajiriwa alitia sahihi karatasi kwamba mambo ya kazini hayatatoka nje ya geti, na baba alikuwa mtu wa kushika neno lake. Hakusema. Alipindua mabuti tu.

Kazi yake ilikuwa kwenye bwawa la majitaka la kiwanda cha ngozi. Ngozi mbichi zililowekwa kwenye chokaa na dawa ya kutoa manyoya, ile inayonuka kama mayai viza, kisha zikatiwa kwenye mapipa makubwa yanayozunguka, yenye chumvi ya kromi, madini ya kuzuia ngozi isioze, mpaka zikatoka na rangi ya bluu iliyopauka. Maji yote ya shughuli hiyo yaliishia kwa baba. Yalitakiwa yakae bwawani siku kadhaa, tope lizame lizolewe, yatiwe dawa ya kuyasafisha, ndipo yaruhusiwe kwenda mtoni. Kati ya bwawa na mto palikuwa na koki moja kubwa ya chuma yenye usukani, na aliyeruhusiwa kuuzungusha ni yeye peke yake. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Koki, hata kabla hajapata mvi moja ya kumstahilisha uzee.

Shida ni kwamba bwawa lilikuwa dogo na ngozi zilikuwa nyingi. Lilipokaribia kufurika, meneja alisubiri mawingu. Mvua ikinyesha mto hujaa tope, na kwenye maji ya tope nani ataona rangi? Basi asubuhi ya mawingu meneja alipita bwawani mikono mfukoni, akatazama juu, akasema, "Naona leo kutakuwa na mvua." Basi, hayo tu. Mtu huyo naye alijua kuuchunga ulimi wake.

Mchana baba alirudi nyumbani kula. Siku za kawaida alivua mabuti yake ya mpira akayaacha wima mlangoni kama mtu yeyote. Siku ya mawingu aliyaweka soli juu, akaingia ndani, akanawa, akauliza kuna nini cha kula, kama hana habari. Mama alichungulia mlangoni mara moja tu. "Haya, madumu!" Mimi na dada yangu tulishuka mbio kwenye visima vya mchangani kando ya mto, tukajaza madumu yote, masufuria, hata beseni la kufulia, kabla koki haijafunguliwa. Kwa siku tatu hatukugusa maji mengine. Ya mvua hatukuyakinga, kwa sababu bati zetu zilijaa masizi ya lile tanuri ambamo kiwanda kilichoma mabaki ya ngozi. Moshi wake uliwakohoza watoto wa mtaa mzima, na bati mpya haikumaliza miaka mitatu bila kutoboka kwa kutu.

Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Niliona samaki wadogo wakielea matumbo juu kila baada ya mabuti kupinduliwa. Nilijua pia kwamba jambo hilo halitajwi. Hakuna aliyenikataza, ila kila mtoto anajua yapi ya kwao hayatoki nje.

Baba alikuwa na utetezi wake, na siku moja mama alipomkabili alimjibu kwa upole, "Mvua inayazimua, mama watoto. Yakifika chini huko ni maji tu." Nimelifikiria jibu hilo maisha yangu yote na bado linanipandisha hasira. Kama mvua ilitosha kuyasafisha, mabuti ya nini?

Huko chini ndiko alikoishi shangazi, mdogo wake baba wa tumbo moja. Alikuwa na bustani ya mboga pale mto unapokata kona, na kisima chake alikichimba mwenyewe mchangani, hatua kumi kutoka ukingoni. Nyumbani na bondeni aliitwa Redio. Akijua jambo asubuhi, mchana mtaa umeshajua, na chumvi juu. Alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta, na ukimpa habari ambayo ameshaisikia alikusikiliza tena, kwa adabu, kisha akakusahihisha. Nilimpenda kuliko watu wazima wote niliowajua. Baba naye alimpenda kweli. Wazazi wao walipofariki ni yeye aliyemlea, na alipenda kutuhadithia jinsi alivyokuwa akimvusha mto ule ule mgongoni, huku abiria wake haachi kuongea.

Siku moja shangazi alikuja bila taarifa, kapu la mboga kichwani, mawingu yametanda. Mabuti yalikuwa yamepinduliwa. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nikifunga mfuniko wa dumu la mwisho. Shangazi alikuwa na ugonjwa wa usafi. Hakuweza kupita kitu kilichokaa vibaya. Akatua kapu, akainama, akayageuza mabuti wima, moja, la pili, akayapanga sawasawa visigino ukutani.

"Kaka," akaita akiwa bado mlangoni, "hivi ukubwa huu hujui kuweka viatu?"

Baba alitoka na kitambaa cha kujifutia mikono. Akayatazama mabuti, akamtazama dada yake.

"Yaliingia maji," akasema. "Nilikuwa nayakausha."

"Na haya madumu yote? Mna harusi?"

"Mama watoto anataka kufua."

Mama alikuwa amesimama nyuma yake na mwiko mkononi. Alifungua mdomo, baba akageuka akamwangalia, naye akaufunga. Shangazi akanigeukia mimi, akanivuta sikio kidogo kama alivyozoea. "Eti shangazi, kweli mnafua?" Aliniita hivyo tangu nizaliwe, mimi shangazi wake na yeye wangu.

Nikasema, "Ndiyo."

Nilikuwa na miaka kumi. Watu huniambia mtoto wa miaka kumi halaumiwi. Nawashukuru, lakini hawakuwepo. Shangazi aliondoka kabla mvua haijaanza, kapu tupu likining'inia mkononi, akitupigia kelele kutoka njiani kwamba tumsalimie anayefua. Jioni ile koki ilifunguliwa.

Baba hakuwa mkatili. Alikuwa mwoga wa kawaida, kama wengi wetu, mwenye watoto wawili na kazi moja. Alijua akimnong'oneza dada yake, kesho yake bonde zima litakuwa getini na mawe, na siku ya pili yeye atakuwa nje ya geti pamoja nao. Akachagua. Kisha akawa anachagua upya kila mawingu yalipotanda.

Jambo ambalo hakulijua, au alijitia hamnazo, ni kazi aliyoifanya Redio huko chini. Wanawake wa bondeni walipoanza kunung'unika kwamba maji yana ladha ya chuma, kwamba watoto wanawashwa ngozi, kwamba majani ya mboga yanaungua kingo, shangazi ndiye aliyewanyamazisha. "Mwenye koki ni kaka yangu," aliwaambia kisimani. "Kama maji yana kitu, wa kwanza kuambiwa si mimi?" Wakanyamaza. Wakateka. Hakuna tangazo lake lililoaminiwa kama hilo.

Vidonda vilianzia vidoleni mwa shangazi, vidogo na vya mviringo, visivyotaka kupona. Akavitania kwamba ni pete za bure. Miaka ikapita, mimi nikaolewa, baba akastaafu, kiwanda kikafungwa, na meneja akahama pasipojulikana. Ndipo shangazi akaanza kuvimba miguu, kisha uso. Hospitali walimwambia figo zimechoka. Daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya taratibu, aliuliza maswali mengi kuhusu kisima, akatuma watu wachukue maji na tope la mtoni. Majibu yalipotoka alisema hawezi kuapa kwamba ni kitu kimoja tu, ila kromi iliyo kwenye lile tope ni nyingi kupita kiasi, haitoki upesi, na figo ni moja ya mahali inapoumiza. Alisema pia kwamba bondeni anao wagonjwa wengine sita wa aina hiyo.

Nilimpelekea baba majibu hayo nikamsomea. Alisema, "Kesho unipeleke."

Tulifika kwa shangazi saa tano asubuhi. Alikuwa kitandani, mlango wazi, kitanda kimeelekezwa nje ili awaone wapita njia na asipitwe na habari. Juu ya kigoda palikuwa na kikombe cha plastiki chenye mstari wa kalamu, kwa sababu maji ya kunywa sasa alipimiwa. Alipotuona alijiinua kwa kiwiko.

"Mzee Koki huyo! Karibu, kaka, karibu."

Baba aliishia kizingitini. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kawaida vya ngozi. Alivivua polepole, akishikilia fremu ya mlango, akainama kwa taabu, akavipindua soli juu. Akaviacha hapo, akabaki na soksi, amesimama kando yavyo, mikono imelegea.

Shangazi alivitazama viatu. Kwanza uso wake ulikuwa na kile kicheko cha mtu anayetaka kukusahihisha, kisha kikaisha. Akatazama kikombe cha maji, akarudisha macho kwenye vile viatu vikavu.

"Niliyageuza mimi mwenyewe," akasema mwishowe. "Kwa mikono yangu."

Akanitazama. "Na wewe shangazi, hamkuwa mnafua."

"Hatukuwa tunafua," nikasema. Nikaanza kulia, na sikuwa na haki ya kulia pale mbele yake.

"Kaka, mimi nimewaambia watu wanywe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimewaambia wote. Jirani yangu alikuwa anampa mtoto maji ya dumu ya kutoka mbali, nikamcheka mpaka akaacha. Ungeniambia. Ungeniambia tu, kaka, ningewaambia watu."

"Ndiyo maana," baba akasema.

Shangazi aligeuza uso ukutani. Niliketi kando ya kitanda chake mpaka alasiri, baba akiwa bado mlangoni, na wapita njia walipopita wakamsalimia Mzee Koki, wakaita ndani, wakashangaa kwamba Redio leo haitikii. Alipopata kiu nilimletea kikombe. Alikishika kwa mikono miwili, akatazama ndani yake, kisha akamtazama kaka yake, kama alivyozoea kumtazama kabla ya kuamini jambo lolote. Safari hii hakumuuliza kama maji yana kitu.