Sungura Waliokula Lengalenga Yetu

Juzi mwenye saluni alinituma kuchukua maboksi ya rasta kwenye ghala moja kusini mwa jiji, ukishapita Turffontein na kuiacha mitaa ya mwisho nyuma yako. Dereva aliposimama getini, mimi nikabaki nimekaa. Eneo lote limemwagwa saruji na maghala yamesimama bega kwa bega, lakini nyuma yake kile kilima cha mawe mekundu kilikuwa palepale.

"Sista, hushuki?" dereva akaniuliza.

Nikashuka. Rafiki yangu, pale alipoegesha gari ndipo ilipokuwa bustani ya baba yangu. Nilipakia maboksi, nikarudi saluni, nikasuka vichwa vya watu hadi jioni, na siku nzima nilikuwa na uchovu ambao haukutokana na kazi.

Wewe umenijua nikiwa mtu wa mjini, na huenda hutaamini kwamba nimekulia shambani. Tulihamia kule mwaka 2015, nikiwa bado mtoto wa kubeba begi kubwa kuliko mgongo wake. Kabla ya hapo tulikuwa tumebanana kwenye chumba kimoja mtaani Yeoville: Baba, Mama, mimi, na bibi yangu mzaa baba, ambaye kwa mazoea ya kwao Lubumbashi tulimwita Kambo. Baba alikuwa mlinzi, na alichoka kusimama kwenye mageti ya watu. Mama mmoja mzee wa mtaa wa Observatory, ambaye hakuweza tena kwenda shambani kwake, alimpa Baba nyumba ndogo na eneo la kulima ili amtunzie mahali pale pasivamiwe.

Kambo ndiye aliyeleta mbegu. Alikuwa amezifunga kwenye pindo la kitenge tangu alipotoka nyumbani: lengalenga, huo mchicha ambao ninyi wa Tanzania mnaupika na nazi. Tulipanda na matembele pia. Majira ya baridi, barafu ya alfajiri ilipounguza kila jani laini, tulihamia kwenye kabichi na vitunguu. Mama alipeleka mafungu sokoni Yeoville, na alisema wanawake wa Kikongo walikuwa wakiyanusa kwanza kabla ya kuuliza bei. Wengine walifumba macho kabisa.

Mwaka ule mvua haikunyesha. Kilima kiligeuka rangi ya ngozi ya mbuzi aliyekufa, na nyasi zilivunjika chini ya miguu kama biskuti. Kijani pekee kilichobaki upande wetu wote kilikuwa kile tulichomwagilia kwa ndoo kutoka kisimani. Ndipo walipokuja.

Sungura wa porini wa huku hana shimo. Hulala mchana kwenye kijibonde cha nyasi, masikio ameyalaza mgongoni, na unaweza kumkanyaga bila kumwona. Jua likielekea kuzama anainuka. Mwanzoni tulimwona mmoja, nami nilifurahi, nikamwita Kambo aje aone. Kambo akaja, akaangalia, akasema tu, "Kalulu," jina la sungura kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu aliyekutana na mdai wake wa zamani. Baada ya muda tuliacha kufurahi. Asubuhi tulikuta vitalu vimekatwa sawasawa chini kabisa kama kwa mkasi, na vinyesi vyao vya mviringo vimetawanyika kwenye matuta.

"Hawa banakula sawa watu ya kilio," Kambo alikuwa akisema, yaani wanakula kama watu wa msibani. "Habaulizi kama kesho iko."

Jirani yetu wa ng'ambo ya uzio alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya mgodini. Tulimwita Mkhulu, yaani babu, kama watoto wa huku wanavyowaita wazee wao. Alifuga mbuzi na kulima maharage na mahindi. Alizungumza Kizulu, Baba alizungumza Kiswahili, na Kizulu cha Baba kilikuwa cha kuagiza mkate dukani tu. Kwa hiyo mimi, niliyezaliwa hapa, ndiye niliyekuwa ulimi wao. Nilisimama katikati kwenye uzio, wao wakitazamana juu ya kichwa changu.

Kupitia kinywa changu Mkhulu alimweleza Baba kwamba sungura hawakuwa wengi hivyo zamani. Bweha walikuwapo, wakilia kila jioni kule kilimani. Lakini bweha walikuwa wakila watoto wa mbuzi, na majirani wenye mifugo, yeye akiwa mmoja wao, waliwategea nyama yenye sumu mpaka kilio kikaisha. "Sasa mbuzi wanalala salama," alisema, na akacheka kidogo. Kisha akatazama maharage yake yaliyobaki vijiti vitupu, akaacha kucheka. "Eish," akasema. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Alitupatia mbwa, mtoto wa jike lake, mwembamba wa kijivu. Tulimwita Sharp. Sijui nikuambieje kuhusu mbwa yule. Kila alfajiri kabla ya shule nilitoka naye kuzunguka matuta, pumzi zetu zikitoka kama moshi, vidole vyangu vimekufa ganzi, naye akawafukuza wale sungura wakikata kona kushoto na kulia mpaka akateleza mwenyewe. Mara chache sana alimpata mmoja. Siku hizo Kambo alipika. Alimchuna, matumbo akamtupia Sharp, nyama akaibandika na nyanya na vitunguu, akamalizia kwa unga wa karanga. Harufu ile ilinifikia njiani nikitoka shule. Ini lilikuwa langu, likachomwa peke yake juu ya makaa na chumvi. Sahani moja ilipelekwa kwa Mkhulu, naye alirudisha sahani imelambwa safi, bila kuiosha.

Tulijaribu kila kitu. Baba alining'iniza makopo, yakalia kwa upepo siku mbili tatu, sungura wakayazoea. Tulimwaga majivu. Tulinyunyiza maji ya pilipili, na sisi wenyewe tukalia machozi. Mvua iliporudi tuliamini watabaki kilimani kwenye nyasi zao, lakini walikuwa wamezaana mno, na lengalenga ilikuwa tamu kuliko nyasi. Tulipanda, wakala, tukapanda tena. Kambo alikuwa akiinuka kwenye tuta kwa vipande, kwanza magoti, kisha mkono kiunoni, kisha kichwa. Mama alianza kurudi sokoni mapema kwa sababu mzigo ulikuwa mdogo. Wateja wake hawakugombana naye; walihamia tu meza nyingine. Usiku nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba kuna kampuni inatafuta walinzi.

Kisha ikawa siku ile ya likizo. Mama alikuwa sokoni, Baba alikuwa amekwenda kuulizia hiyo kazi. Asubuhi Kambo alimkuta sungura amelala kando ya uzio wa Mkhulu, bado ana joto. Sharp alikuwa amesimama karibu naye akitikisa mkia, na Kambo akampongeza kwa kazi nzuri. Akamchuna kama kawaida. Sharp akapata sehemu yake. Sufuria ikabandikwa, na ini likawekwa juu ya makaa.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na jiko. Ini liliiva, likaanza kudondosha maji kwenye moto. Kambo akalichukua kwa vidole, akalipuliza, akaniwekea mkononi. Lilikuwa la moto sana, nikawa nalirusha kutoka kiganja kimoja hadi kingine. Ndipo Sharp alipotoa sauti nyuma ya nyumba. Sijawahi kumsikia mbwa akilia vile. Tulipogeuka alikuja akiyumba, mate yakimtoka kama povu la sabuni, miguu ya nyuma ikamwisha nguvu, akaanguka na kuanza kutetemeka.

Kambo, ambaye siku zote alichukua muda kuinuka kwenye tuta, aliruka. Alinipiga kwenye kiganja kwa nguvu, na ini likaruka mavumbini.

"Usirambe mkono! Usirambe! Fungua mdomo nione. Umekula?"

"Hapana, Kambo."

"Sema kweli, mwanangu. Hata kidogo?"

"Sikula, Kambo. Lilikuwa la moto."

Alininawisha mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikawaka. Alinusa vidole vyangu, akaninawisha tena. Sufuria akaipeleka nzima nzima, mchuzi, nyama na mfuniko, akaifukia mbali na kisima. Aliporudi Sharp alikuwa ametulia. Kambo akakaa chini palepale, mikono yake nayo ameinawa mpaka imekuwa myeupe, akanipakata kama mtoto mchanga ingawa miguu yangu ilikuwa imefika chini. Hakulia. Alikuwa akihema tu.

Mkhulu alikuja kesho yake asubuhi, kofia mkononi. Hakuingia, alisimama upande wake wa uzio. Baba alikwenda, nami nikaenda kwa sababu bila mimi wasingeweza kusema lolote.

"Mwambie baba yako ni mimi," Mkhulu aliniambia.

"Ni wewe nini, Mkhulu?"

"Ile dawa ya panya, ile ya punje nyeusi wanayouza mitaani kwa kificho. Niliichanganya na mahindi, nikawawekea sungura pembeni ya maharage. Mwambie."

Nilimgeukia Baba. Maneno yote nilikuwa nayo kwa Kiswahili, na hakuna hata moja lililotaka kutoka. Mwishowe nikasema, "Papa, Mkhulu anasema aliwawekea sungura sumu. Ndiyo iliyomuua Sharp."

Baba akasema, "Muulize kama alijua sisi tunakula wale sungura."

Nilimuuliza. Mzee aliigeuzageuza kofia yake.

"Nilijua," alisema. "Nimekula chakula cha bibi yako. Nilijua, lakini sikufikiri. Nilikuwa nimechoka, mtoto wangu. Walinimaliza."

"Anasema alijua, Papa. Anasema alichoka."

Nilitegemea Baba apige kelele. Niliitaka ile kelele, kwa ajili ya Sharp. Baba alitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa na sugu za jembe. Halafu akasema, "Muulize lile banda lake la kuku lililoanguka. Wavu wake bado ni mzima?"

Wavu ulikuwa mzima kiasi. Walitoka wote wawili wakaokota sumu iliyobaki, punje kwa punje, wakaifukia kwenye shimo refu. Kisha wakalibomoa lile banda, na majira yale yote ya baridi walichimba. Sungura hachimbi shimo la kuishi, lakini akipata mwanya chini ya wavu ataupanua, kwa hiyo ukingo wa chini uliinamishwa nje na kufukiwa. Ardhi ilikuwa ngumu kama sahani. Kifua cha Mkhulu kilikuwa kimeharibiwa na vumbi la mgodi, na kila baada ya kitambo alikaa, pumzi zikimpigia filimbi, akingoja hewa irudi. Baba naye alikaa. Nilipokuwa shule hawakuwa na mkalimani, na Mama alisema walikuwa wakifanya kazi kutwa bila neno hata moja. Wavu ulizunguka bustani zote mbili. Kambo hakumsalimia Mkhulu mpaka miezi ya joto, siku aliyompelekea sahani ya lengalenga, bila nyama. Hiyo aliirudisha imeoshwa.

Wavu ulifanya kazi. Lengalenga ilipanda mpaka kiunoni kwangu, Mama akawa anarudi amechelewa, na ile kampuni ya ulinzi haikutajwa tena. Lakini kilimani sungura walizidi kupungua. Tuliokota bundi wawili waliokufa chini ya mkaratusi, wepesi kama mito ya pamba. Wengine pande zile waliendelea kununua zile punje nyeusi. Mwaka 2018 naweza kusema sikuona hata sungura mmoja, na sikuliwaza hilo, maana nilikuwa na mambo ya shule na simu. Aliyeliwaza ni Kambo. Jioni alitoa kiti chake nje, akaelekeza uso kilimani, akasema, "Kimya hiki si kizuri."

Mwaka uliofuata yule mama wa Observatory alifariki, na watoto wake wakauza. Tulipewa muda wa kutosha kufungasha, ila haukutosha kabichi kukomaa. Mkhulu aliuza upande wake kwa watu walewale, akarudi kwao Natal na kifua chake. Alipokuja kuaga, alimshika Baba mkono kwa mikono miwili, na nilipofungua mdomo nitafsiri, Baba akanipa ishara ninyamaze.

Wiki ya mwisho Baba alichukua koleo, akaufukua ule wavu kuzunguka bustani nzima, akaukunja.

"Tutaupeleka wapi, Papa?" nilimuuliza.

"Popote. Acha sungura wale hizi kabichi. Sisi hazitusaidii."

Asubuhi alikwenda kuangalia kabla ya kunywa chai. Kambo alimfuata na fimbo yake, nami nyuma yao. Kabichi zilikuwa zimekaa na umande wake, changa, nzima. Kambo aliinama kwa vipande, kama kawaida yake, akapitisha kidole kwenye kingo za majani akitafuta alama ya meno. Alikwenda tuta zima hivyo. Siku iliyofuata walikwenda tena, na iliyofuata, mpaka lori la kutuhamisha lilipokuja. Wakati linapakiwa nilimwona Baba amesimama peke yake kwenye matuta, amekata kabichi moja katikati na kuzitupa nusu zake kule nje kwenye nyasi, moja upande huu na moja upande ule, kama mtu anayewaita kuku.