Mimi mkandaji wa Mtendeni, nilivyojikanda kano iliyokwisha kukatika

Wakuu, aliyenizidi umri humu, shikamoo. Nyie wengine wote, marahaba.

Haya yamenipata mwenyewe, na pale panaponiaibisha sitaparuka.

Mimi ni mkandaji. Hapa Mtendeni mtu akiteguka analetwa kwangu kabla hajalia vizuri. Nimemkanda Selemani fundi cherehani, nimemkanda Paulina mke wa mwalimu Kasanda, na shehe mmoja ambaye jina lake nalisitiri. Jina langu ni mikono hii, sina jingine.

Sasa tulikwenda Ziba kwenye harusi ya Maganga, mtoto wa marehemu dada yangu. Ukaletwa mchezo wa kuvuta kamba, mabibi kwa mabinti. Nikashika mbele kabisa, nani mwingine?

Nikakita mguu, nikavuta. Paa! Nikasikia teke nyuma ya kisigino.

Nyuma yangu kwenye kamba alikuwa bibi mwenzangu, Sesilia Nkwabi. Nikamgeukia, nikamwambia mbele ya wakwe kwamba wivu wake haukuanza leo. Sesilia akalia. Mabinti wakashinda.

Nyumbani nikajitibu. Maji ya moto, mafuta ya nyonyo, kidole gumba. Juu ya kisigino palikuwa na bonde, kidole kinazama. Nikasema huo ni uvimbe unashuka. Mteja ningemwambia hivyo hivyo, naye angeniamini.

Siku sita najikanda. Kusimama kwa vidole siwezi. Wateja wakija nawakanda nimekaa, nasema nimechoka tu.

Siku ya saba mjukuu wangu Rehema akaita bajaji ya kunipeleka hospitali bila kuniuliza. Kisu sikukiogopa. Niliogopa watu waseme mkandaji kashindwa na mguu wake mwenyewe.

Daktari alikuwa Mzaramo, jina lake Pazi. Akanilaza kifudifudi, akabinya shavu la mguu wa kulia. Unyayo ukaitika. Akabinya la kushoto. Unyayo ukanyamaza kama mtoto aliyevunja chungu.

Akaniuliza nimeumiaje. Nikamweleza kamba.

"Mababu zenu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo," akasema, "leo Mnyamwezi kamba ya katani imemshinda?"

"Na nyie mlikaa tu pwani kusubiri tuwaletee," nikamwambia. Utani wetu ni wa tangu misafara, hauishi kwa sababu mtu kavaa koti jeupe.

Halafu akaacha kucheka. "Kano imekatika, bibi. Ikikatika hivi mtu hudhani kapigwa teke. Nani alikuwa anakukanda?"

"Bibi mmoja wa Mtendeni."

Rehema akatazama dari.

"Basi mwambie huyo bibi abinye kwanza shavu la mguu. Unyayo usipojibu, asikande, amlete mtu huku. Angekukanda wiki chache zaidi ningekupasua kama samaki."

Nikasema nitamfikishia.

Wakanichoma sindano ya mgongo, miguu ikalala, mimi macho. Hakunipasua pakubwa. Alitoboa vitundu vidogo, akapitisha nyuzi ndani kwa ndani, kama Selemani anavyopitisha kamba kwenye kiuno cha suruali, akavuta ncha mbili za kano zikakutana.

Bi Mwajuma jirani alikuja na supu ya kuku mzima kuona kidonda. Nilipomwonyesha vitundu tu, akanuna. Supu aliiacha, ila kwa shingo upande.

Nikafungwa hogo la plasta, kisha kiatu kigumu na magongo. Miezi ikapita, nikatembea. Habari ya siku sita tukabaki nayo mimi na Rehema.

Mwezi uliopita akaletwa Shija fundi baiskeli, kabebwa mgongoni kutoka mpira wa wazee. Uani wateja wamejaa. Nikabinya shavu la mguu. Kimya.

"Huu sikandi," nikasema. "Mpelekeni kwa Mzaramo."

Kabula mkewe akanikazia macho. "Hujawahi kumrudisha mtu. Umejuaje?"

Ningeweza kumjibu lolote. Nikavua soksi, nikawaonyesha vitundu, nikawaeleza siku sita zote. Wawili wakainuka wakaondoka. Kabula akaita bajaji.

Shija katengenezwa. Kabula alirudi na salamu. Daktari kauliza nani kawatuma, naye kajibu, bibi mmoja wa Mtendeni.

"Kasema umpokelee shikamoo yake," Kabula akaniambia. "Na kwamba alikujua siku ile ile. Mguu na mikono vilinuka nyonyo moja."

Wakuu, nilichojifunza ni hicho. Binyeni kwanza, na unyayo ukinyamaza muuamini, hata kama mkono ni wenu. Bado nakanda. Wale wawili mmoja karudi.

Semeni na yenu. Ila Sesilia, ukiwa humu, uanze wewe. Hukunipiga teke.