Sweta Moja

Alhamisi, tarehe 9 mwezi wa tano. Asubuhi jua. Saa nane mchana mvua ya mawe, mabati yakalia mpaka watoto wa chekechea wakaziba masikio.

Ninayoandika yamenitokea mimi, mchana, nikiwa macho. Sijasoma sana. Nina cheti cha kufundisha chekechea, basi, na kila nikiandika najiuliza kama nimeongeza chumvi. Nimejichunguza. Sina homa. Nikikosea mahali nitasema, lakini usiniambie ati nilisinzia. Nani husinzia mvua ya mawe ikipiga bati?

Nianze na safari. Shule yetu hapa Kibomet ilitakiwa kubadilishana mwalimu na shule moja ya Denmark: wao walete mwalimu wao muhula mmoja, sisi tupeleke wetu. Wakanichagua mimi! Mimi ambaye sijawahi kupita Nakuru. Pasipoti ikatoka. Nikaenda sokoni Kitale, kwa mitumba, nikachagua sweta nzito rangi ya damu ya mzee, nikaifungia kwenye sanduku.

Mama akapiga simu kutoka Sirisia. "Mulongo, sweta umenunua ngapi?"

"Moja, mama."

"Rudi sokoni."

Wasiojua niwaambie. Tulizaliwa mapacha. Kwetu wa kwanza huitwa Mukhwana, wa pili Mulongo. Mukhwana alikufa kwa surua kabla ya kuota meno. Lakini mama anashikilia kwamba pacha hapewi kitu peke yake, hata mwenzake akiwa mchangani. Kwa hivyo maisha yangu yote amenunua mbili mbili: gauni za Krismasi mbili, leso za harusi mbili. Moja navaa mimi, ya pili inalala kitandani usiku mmoja, halafu anapewa mtu mwingine.

Nikamjibu kwamba ndege hupima mizigo. Mume wangu, Baba Nekesa, alingoja nikate simu kwanza, maana mkwe hawezi kumtania mama mkwe, ndipo akasema, "Kwani huyo wa mchangani anasikia baridi?" Tukacheka. Niwe mkweli: mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Jumatatu nilienda Bungoma kufuata nakala ya cheti changu cha kuzaliwa, nikalala Sirisia kwa mama. Jumanne nikafika shuleni na cheti mkononi. Mwalimu mkuu akaniangalia.

"Mwalimu, umebadilisha nia tena? Si jana ulikuja hapa ukasema huendi?"

"Jana nilikuwa Bungoma."

"Na ile sweta yako nyekundu-nyekundu? Bana, hata nilikuuliza kama husikii joto."

Akafungua kitabu cha ofisi. Mistari miwili: Mimi siendi. Mpeni mwingine. Mwandiko ni wangu, hata ile m yenye mkia ninayowafundisha watoto. Chini kuna jina: Mukhwana. Hakuna mtu shuleni anayelijua jina hilo. Nikamuuliza, "Hukusoma jina?"

"Nikikuona kwa macho, nisome jina la nini?"

Kwa haki, hata mimi nisingesoma. Lakini kufikia saa sita mchana ya Jumatatu hiyo nafasi yangu ilikuwa imepewa mwalimu wa darasa la nne na barua imetumwa. Saa sita! Miaka kumi na mmoja nimefuta makamasi ya watoto wa shule hii, na hakunipigia hata simu. Siku mbili nimemchukia mwalimu mkuu. Nilidhani kuna mtu mwenye wivu aliyejifananisha na mimi.

Halafu leo. Mvua ilipokuwa kali, watoto wakanyamaza wote kwa pamoja. Nikageuka kutoka ubaoni. Mlangoni amesimama mwanamke aliyetoka kwenye mvua ile, na sweta yangu mwilini mwake imekauka kabisa. Uso ni wangu. Lakini mimi nina kovu kidevuni, la baiskeli, na jino la mbele limevunjika. Yeye hana alama yoyote. Ni uso wangu ambao haujawahi kuanguka popote.

Unafikiri niliogopa? Hasira ilifika kwanza. "Wewe! Safari yangu umeipeleka wapi?"

"Yetu," akasema. "Nilizaliwa mbele yako, nikakuachia maziwa yote ya mama. Sweta moja tu, Mulongo, ukaona ni nyingi."

Nikamrushia dasta. Ikagonga mlango, vumbi la chaki likapanda, na lilipotulia hakuna mtu. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, mlikuwa wawili." Mimi sikumfundisha kusema hivyo.

Kuhusu maziwa alisema kweli. Lakini mimi nilimnyima sweta ya mtumba, yeye amenichukulia Denmark nzima. Hiyo ni haki? Nimepima mara nyingi, na mizani inakataa.

Nyumbani ufunguo wa sanduku ulikuwa pale pale nilipoufunga, kwenye pindo la leso yangu. Nikafungua. Sweta ina unyevu, na mikono imevimba viwiko kama nguo iliyovaliwa siku nyingi. Ni kweli bati letu huvuja upande huo, lazima niseme. Lakini bati haliwezi kutoa viwiko. Nikamwonyesha Baba Nekesa. Hakutania. Alitoka nje akakamata kuku.

Jioni mwalimu wa darasa la nne, ambaye hana kosa lolote, alipita kuniomba sweta hiyo aende nayo. Nikamwambia si yangu.

Wewe unayesoma, kama mlizaliwa wawili na mmoja akatangulia, usijifanye umesoma kuliko mama yako. Nunua mbili. Na kama wewe ni mwalimu mkuu, soma jina, hata kama uso unaujua.

Tumekula ugali, mboga ya mrenda na kuku. Sisi tuko watatu: mimi, Baba Nekesa na Nekesa. Nimepakua sahani nne. Nimeipakua ile ya nne kwa hasira, nikaisukuma mezani mpaka mchuzi ukamwagika. Baba Nekesa akachukua firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba na haiulizwi, akaiweka juu ya sahani hiyo, akanawa mikono upya, akala ugali na mrenda.