Mbegu Alizoziosha Bibi

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu mwaka huu tulimzika bibi yetu, mzaa mama. Nimempoteza yeye, na nadhani nimempoteza pia mtu mzima wa mwisho aliyejua jinsi nilivyokuwa mwoga nikiwa mdogo.

Baada ya matanga nilipita kwenye lililokuwa shamba lake kule Uyole, upande wa mlimani. Sasa limepimwa viwanja. Nilikuta msingi wa nyumba, rundo la mchanga, tofali za simenti zimepangwa, na pembeni figiri moja iliyojiotea yenyewe. Majani yake yalikuwa na matundu madogo madogo kama chujio. Utashangaa nikikuambia kwamba nilikaa chini kwenye rundo lile la mchanga, mtu mzima mimi, kwa sababu ya matundu ya jani.

Ngoja nikueleze.

Wakati huo mama alikuwa akifanya kazi Iringa mjini, na mimi na mdogo wangu wa kike tulilelewa na bibi. Nilikuwa darasa la tatu. Mdogo wangu alikuwa hajaanza shule. Asubuhi za kule kama umewahi kuishi huko unazijua: ukungu unashuka mpaka usawa wa paa, malori unayasikia yakipunguza gia barabara kuu lakini huyaoni, na moshi wa jikoni unanuka hadi kwenye blanketi. Viazi tulikula asubuhi, na mchana tukala viazi tena na maharage, wala hatukunung'unika. Kilichokuwa adimu ni mafuta. Bibi aliyatia kwenye mboga kwa ncha ya kijiko, halafu akakilamba kile kijiko ili kisipotee kitu.

Ndiyo maana bwana shamba alipoleta mbegu za zao geni la mafuta, jamaa ya figiri na kabichi, bibi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kila mama alipewa mfuko mdogo wa kujaribia. Jina lake halikutukaa mdomoni, tukaziita figiri za mafuta. Mbegu zilikuwa za mviringo, ndogo, na zimepakwa rangi ya pinki inayong'aa. Bwana shamba alisema ile rangi ni dawa, inaulinda mche mchanga usiliwe na wadudu, kwa hiyo zipandwe vilevile zilivyo na mtu anawe mikono akimaliza.

Bibi hakubishana naye. Hakuwa mtu wa kubishana na wageni. Alifika nyumbani, akamimina nusu ya zile mbegu kwenye beseni, akaziosha kama anavyoosha ulezi, mpaka maji yakatoka meupe. Alikuwa na msemo wake: "Shamba ni chungu. Usichoweza kutia kwenye chungu, usitie shambani." Sumu ya dukani aliiogopa kuliko nyoka. Yale maji ya pinki aliyamwaga kwenye shimo, akafukia, akaweka na jiwe juu.

Miche ikatoka, mizuri kweli. Kila mmoja ulikuwa na vijani viwili kama kwato za mwanambuzi. Bibi aliinama kuitazama mpaka nikadhani anaisalimia. Kisha mvua ikakata, jua likawaka, na wadudu wakaja.

Walikuwa weusi, wadogo kuliko punje ya ulezi, na wanaruka kama viroboto. Ukipeleka kidole, jani unaloliona limejaa linabaki tupu, nao wameshatua kwenye miguu yako. Niliwaogopa sana. Niliota wanaingia masikioni. Ukisimama kimya kati ya matuta uliwasikia wakitua, sauti nyepesi kama manyunyu, na kila asubuhi yale majani yalikuwa na matundu mengi kuliko jana.

Jirani yetu, mama mmoja mnene aliyependa utani, alisimama kwenye mpaka akacheka.

"Mama, shamba lako limekuwa chandarua! Tulitungike tulalie."

"Likiwa chandarua," bibi akamjibu bila kuinua kichwa, "basi mbu ndiyo wewe."

Silaha yetu ilikuwa majivu. Bibi aliyachekecha kwa kitambaa, akayatia kwenye kopo lililotobolewa kwa msumari, na sisi watatu tukatoka mapema jua halijachomoza, miguu peku kwenye matope ya baridi. Ilikuwa lazima uwahi umande. Majivu hushika kwenye jani lenye umande tu. Ukikauka, yanateleza chini, na wadudu nao wanakuwa wameshaamka na njaa yao. Tulipita tuta kwa tuta tukitikisa makopo, mdogo wangu nyuma yetu akipiga chafya. Majivu yetu yakaisha, tukaenda kuomba kwa wapika pombe, ambao mafiga yao hayapoi.

Tuliokoa nusu ya shamba. Ile nusu nyingine ilikuwa udongo mtupu, na bibi akaamua kurudishia kwa mbegu zilizobaki mfukoni. Siku hiyo aliziosha nazo kama zile za kwanza. Alikuwa hajamaliza kumwaga maji yake jirani alipomwita kutoka mpakani kwamba wadudu wanavuka upande wa pili. Bibi akachukua mbegu na jembe, akaenda mbio, na sisi nyuma yake. Beseni likabaki uani, kando ya mlango wa jikoni, mahali kuku wetu walipozoea kunywa.

Tuliporudi, jirani akiwa nasi, jogoo alikuwa anatembea kama mlevi. Akakaa, akajaribu kusimama, akakaa tena. Tetea wawili walikuwa wamelala ubavu.

"Kideri hicho," jirani akasema. "Chinja haraka, mama, kabla hakijakuwahi."

Nawe unajua, kwetu kuku wa kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima, haachwi afe. Anachinjwa akiwa na pumzi, na siku hiyo watoto wanakula nyama. Hakuna aliyeona ajabu. Bibi akanoa kisu. Maji ya kunyonyolea yakachemka, chungu kikapanda mafigani, harufu ikatoka mpaka barabarani. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, lakini kwetu hapakuwa na baba. Bibi akaichoma moja juu ya makaa, akaipuliza, akampa mdogo wangu kwa sababu alikuwa ametembea shambani siku zote hizo bila kulia. Mimi nilinuna.

Pikipiki ya bwana shamba ilifika nyama ikiwa bado jikoni. Alikuwa amesikia habari za wadudu. Akaenda shambani na bibi, akachuma jani, akaligeuza.

"Bibi, mbegu hizi ulizipanda vilevile?"

"Niliziosha, mwanangu. Zikatakata."

Hakumgombeza. Alishusha tu mkono wenye lile jani. Walirudi uani wakizungumza taratibu, na mimi nyuma yao, ndipo nikamwona anasimama ghafla. Alikuwa analitazama beseni. Maji yalikuwa yamepungua, na pembeni limebaki duara la pinki.

"Haya maji, nani ameyanywa?"

Bibi akaangalia manyoya ya kuku yaliyolundikana. Akaangalia chungu. Sijawahi tena kuuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Ulikuwa kama taa imetolewa chumbani.

"Mmekula?" bwana shamba akauliza. "Kuna aliyekula?"

"Mimi nimekula firigisi," mdogo wangu akasema, kwa majivuno.

Bibi hakupiga kelele. Alimnyanyua, akapanda pikipiki kama alivyo, kanga ina majivu, miguu ina matope. Nilichosikia akisema ni kimoja: "Nitamwambia nini mama yao?" Pikipiki ikashuka kuelekea zahanati.

Jirani alichimba shimo, akamwaga chungu kizima na mchuzi wake, akafukia. Hakutania hata neno moja. Mimi nilikwenda kukaa shambani. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kutoka pale barabara inaonekana. Nilikaa katikati ya wale wadudu, wakanirukia wanavyotaka, na kila pikipiki iliyounguruma kule chini ilinifanya nibane pumzi. Ilikuwa inapita, inakwenda zake. Ikaja nyingine, ikapita. Nilianza kusema moyoni kwamba firigisi ile naisamehe.

Jua likiwa linazama niliwaona. Bibi alikuwa anatembea kwa miguu, mtoto mgongoni, kichwa kinalegea huku na huku kwa kila hatua. Nilitaka kukimbia kumlaki lakini nilibaki nimekaa pale pale tutani. Ulijua wewe kwamba mtoto aliyelala na mtoto aliyekufa wanabebwa vilevile? Mimi nilijua siku hiyo. Bibi alinifikia, akaona nilivyokuwa, akasema, "Analala tu. Ametapika, wamempa dawa. Wamesema aangaliwe mpaka kesho mchana, akilegea arudishwe."

Siku hizi naona watu wakipanda mbegu zenye rangi za kila aina, kijani, nyekundu, buluu, na hakuna anayeziosha. Ni vizuri hivyo. Simlaumu bibi, wala simtetei. Aliogopa sumu kwa moyo wake wote, na ule woga ndio ulioileta sumu mpaka mlangoni. Lile shamba halipo, wapika pombe wale walishahama, na sisemi mambo yale yarudi. Nasema tu kwamba ninayakumbuka, na kwamba tangu mimi na mdogo wangu tumzike bibi nayakumbuka kila siku.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya kuku niliamka peke yangu. Nikachukua kopo, nikalijaza majivu, nikamkuta bibi amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha mdogo wangu, ameshika kifundo cha mkono wa mtoto kwa vidole viwili, anasikiliza mapigo. Nje ukungu ulikuwa unapasuka, na mwanga wa kwanza ulikuwa umeshafika kwenye matuta ya juu.

"Bibi," nikamwambia, "umande unakauka."

Hakunitazama.

"Uache ukauke," akasema.

Nikaweka kopo chini, nikakaa karibu yake.